Kazi Kwanza, Chombo Baadaye

Vijana waliokwisha kuonja kazi ya kuandika programu za kompyuta hupatwa na shaka moja: sasa tujifunze nini? Hapa Bunyakiri shaka hiyo si mchezo. Umeme wetu ni wa jua, na intaneti hununuliwa kwa fedha ya mihogo na mawese. Baba akiisha kumlipia mwanawe miezi michache ya masomo, mara nyingi hana tena cha kuongeza.

Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu alinijia na karatasi yenye majina ya lugha saba za kompyuta, kila moja aliyoisikia ikisifiwa. Nikamwuliza, "Wataka kufanya kazi gani?" Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, hilo sijaulizwa."

Ndugu wasomaji, sifa hupita. Programu ya Flash, iliyochezesha picha katika kurasa za intaneti, ilipendwa mno. Lakini mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuitunza. Aliyejua hiyo peke yake ilimpasa kuanza upya. Kumbe SQL, lugha ya kuziuliza hifadhidata, yaani daftari kubwa za habari, iliasisiwa katika kampuni ya IBM na Chamberlin na Boyce mnamo mwaka 1974, na hata leo yatumika ulimwenguni kote.

Tena yatumika karibu nasi. Hesabu za vituo vya afya vya Kongo huingizwa katika DHIS2, programu inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Habari zake hukaa katika hifadhidata ya PostgreSQL. Kiini chake kimeandikwa kwa Java, na kurasa zake kwa JavaScript. Nayo ni wazi: kila mtu aweza kuisoma bila malipo. Mganga atakaye kujua malaria imezidi wapi amhitaji fundi wa mambo hayo.

Basi tukafuta majina matano, yakabaki mawili: SQL na JavaScript. PostgreSQL ikiisha kuwekwa katika kompyuta, mtu aweza kujizoeza hata pasipo intaneti. Nikamwagiza atengeneze kitu kimoja kamili, daftari la karo ya shule, asiliache mpaka karani alitumie mwenyewe.

Nawe mzazi, usimwulize mwanao amejua lugha ngapi. Mwulize ni kazi gani aliyoimaliza, na nani anayeitumia.