Namba 28

Programu ya kompyuta haiwezi kufungua faili kwa nguvu zake yenyewe. Kila inapohitaji kitu hubisha hodi kwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na kusema inataka nini. Kerneli hukubali au hukataa, na kila katazo lina namba yake. Kwenye Linux, 2 ni faili halipo, 13 ni huna ruhusa, 28 ni nafasi imekwisha.

Haya niliyasoma Dodoma, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Uzito wake niliuona likizo, nyumbani wilayani Iramba, kwenye ghala la alizeti ambako binamu yangu ni karani.

Mkulima akileta magunia, binamu hupima, huingiza uzito kwenye kompyuta, na stakabadhi hutoka. Wiki ile hazikutoka. Kioo kiliandika maneno matatu tu: "Hitilafu. Jaribu tena." Akajaribu tena na tena. Magunia yalikuwa yameshaingia ndani, na wakulima hawakuwa na karatasi mkononi. Mzee mmoja akamuuliza mbele ya watu, "Binti, karatasi yangu umeinywea chai?" Mwenyekiti akampa siku mbili ajieleze kwa maandishi. Fundi alikuwa ameshasema kwa simu kwamba nusu ya diski iko wazi, kwa hiyo kosa ni la mtumiaji.

Niliwasha strace, chombo ambacho Paul Kranenburg alikiandika kwa ajili ya SunOS mwaka 1991, kisha kikahamishiwa Linux. Kazi yake ni kukaa mlangoni na kuandika kila hodi na kila jibu. Mistari ikamiminika. Katikati yake, programu iliomba kuunda faili la stakabadhi, na jibu likawa ENOSPC. Namba 28.

Nafasi imekwishaje wakati nusu ya diski iko wazi? Diski ile ilitumia ext4, ambayo hutunza mafaili kama ghala linavyotunza magunia: kuna sakafu na kuna daftari. Kila faili hupewa mstari wake daftarini, uitwao inode, na idadi ya mistari hupangwa siku diski inapoandaliwa. Programu ile iliacha vijifaili vya muda kwa kila stakabadhi bila kuvifuta. Amri ya df -i ilionyesha asilimia 100. Sakafu ilikuwa na nafasi; daftari ndilo lililojaa.

Tulihifadhi nakala za stakabadhi, tukafuta vijifaili vile, na printa ikaanza kulia. Kwenye maelezo yake binamu aliunakili ule mstari wa strace, nami nikaufafanua chini yake kwa Kiswahili. Mwenyekiti aliusoma mara mbili.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa inajua?"

Ilikuwa inajua. Kerneli ilisema ukweli kila ilipoulizwa. Aliyeandika programu ndiye aliyeamua majibu yote yawe "hitilafu", na neno lisilotaja sababu humwangukia mtu aliye karibu na kioo. Yeye hakuwahi kumwona yule mzee.

Binamu hakutaka hotuba yangu. Alitaka amri. Aliiandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika juu ya mizani, na kila Jumatatu, kabla ya gunia la kwanza, anahesabu mistari iliyobaki.