Tupime Kwanza, Ndipo Tuhukumu



Ndugu wazazi, hapa Nakivale tulikuwa na mwanafunzi wa madrasa asiyetulia. Anaruka aya, anachokoza wenzake, anainuka kila mara. Tulimwadhibu, Allah atusamehe. Kisha tukaambiwa ana ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, nasi tukakubali upesi.

Mama yake hakukubali. Alimpeleka Ruharo, Mbarara, kwenye hospitali ya macho. Kumbe mtoto alikuwa haoni ubao! Alipovaa miwani, akaanza kusoma.

ADHD ipo, wala si utovu wa adabu wala jini. Lakini hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Kwanza yaangaliwe macho, masikio, usingizi, upungufu wa damu, na kifafa kinachomfanya mtoto azubae ghafla. Na kwa watoto wetu waliokimbia vita, hofu nayo huwanyima utulivu. Yote yakiangaliwa na daktari akasema ni ADHD, tusikatae.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Fimbo si tiba.

Wabillahi tawfiq.