Bei Rahisi na Bei Iliyokosewa

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, ikakoma ukingoni mwa ziwa. Haikufika Homa Bay wala Migori. Kwa miaka mingi shehena iliyoshushwa Kisumu iliendelea na safari kwa meli za shirika la reli mpaka gati la Homa Bay, na kutoka hapo ikachukuliwa kwa barabara. Mimi nilizaliwa upande huu usio na reli, nikalijua gari la moshi kwa masimulizi kabla ya kuliona kwa macho. Yamkini hiyo ndiyo sababu ya mapenzi yangu kwa magari ya moshi ya kuchezea. Mtu hutamani asichokuwa nacho, na akikosa kitu chenyewe hujituliza kwa mfano wake.

Magari haya hayatengenezwi kwa watoto peke yao. Frank Hornby, mtu wa Liverpool katika Uingereza, alipata haki ya uvumbuzi wake wa vipande vya chuma vya kuunganisha kwa skrubu mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu. Mwaka 1920 alianza kuuza magari ya moshi, na jina lake limo chini ya vichwa vya magari hayo hata leo. Kipimo kinachopendwa Uingereza ni cha 1 kwa 76. Maana yake kila sentimita ya mfano ni sentimita 76 za gari la kweli. Mwaka 1955 na 1956 reli ya Afrika Mashariki ililetewa injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester, na kila moja ilipewa jina la mlima. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Urefu wake ni karibu mita 32. Msomaji akigawanya kwa 76 ataona kwamba mfano wake ungekuwa na urefu wa sentimita 42 hivi, nao ungeweza kulala juu ya dawati la shule.

Mifano mipya ina bei kubwa, na mshahara wa mwalimu una kazi nyingi. Kwa hiyo mimi huitafuta katika mitumba. Mji wa Migori umekaa juu ya barabara kuu iendayo mpaka wa Tanzania, na biashara yake haipungui. Marobota yanayofunguliwa sokoni huleta nguo na viatu, na mara nyingine vitu vya kuchezea vilivyochosha watoto wa Ulaya. Humo nimeokota mabehewa yasiyo na magurudumu, vipande vya reli vilivyopinda, na mara chache sana, injini nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama sana katika soko la Migori, na nikikosa huko hupanda gari kwa njia ya Rongo mpaka Homa Bay, nikainame tena.

Kupatana bei si aibu. Ni mazungumzo ya watu wawili walio huru, kila mmoja akiwa na haki ya kusema hapana. Muuzaji hutaja bei iliyo juu kidogo, mnunuzi hujibu kwa iliyo chini kidogo, wakaulizana hali za nyumbani, wakakutana katikati. Mnunuzi aliyeamka mapema, akatembea mbali, akachambua rundo zima, anastahili rahisi anayoipata kwa sababu ameilipia kwa jasho. Wala kila rahisi si faida. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Nimeona watu wakinunua injini kwa bei ya kutupa, wakafika nyumbani wakakuta mota imeungua.

Lakini bei ndogo haziwi ndogo kwa sababu moja. Iko bei ambayo muuzaji ameipunguza kwa hiari yake, kwa kuwa mali imekaa mno au anataka nauli ya kurudi. Iko bei iliyo ndogo kwa kuwa muuzaji hajui alichonacho. Na iko bei iliyo ndogo kwa kuwa kalamu au ulimi umeteleza. Ya kwanza ni halali kama maji ya mvua. Mbili za pili zinataka mtu afikiri.

Juu ya ujinga wa muuzaji, nitasimulia habari ya kijana mmoja wa soko la Migori. Siku moja nilikuta kwake injini nzito, magurudumu yake ya chuma, imelala katikati ya vigari vya plastiki. Kila kitu katika rundo lile kilikuwa shilingi 100. Rafiki yangu niliyekuwa naye alininong'oneza kwamba ninyamaze, nilipe, niende. Hoja yake haikuwa dhaifu. Alisema ujuzi ni mali, nami niliupata kwa kusoma usiku mwingi; tena injini hiyo ingeweza kuwa na thamani kubwa Liverpool, lakini katika Migori hapakuwa na mtu wa pili aliyeitaka, na thamani bila mnunuzi ni jina tupu. Hoja hiyo niliikubali nusu. Nililipa shilingi 100, kwa kuwa kijana aliitaja bei hiyo mwenyewe na ilimpa faida. Kisha nikamgeuzia injini, nikamwonyesha jina lililopigwa chini yake, magurudumu ya chuma, na uzito wake mkononi.

"Ukipata nyingine kama hii, usiitupe katika rundo," nilimwambia.

"Asante, mwalimu," akajibu. "Nyingine haitakuwa 100."

Na kweli haikuwa. Ya pili aliniuzia kwa shilingi 400, tena baada ya mabishano marefu. Rafiki yangu alicheka sana. Lakini tangu siku hiyo kijana hunitengea kila kitu chenye magurudumu ya chuma, nami sichambui tena marundo yake kwa saa mbili. Nilipoteza rahisi moja, nikapata mtu wa kuniangalilia.

Juu ya kuteleza kwa kalamu, habari yangu inatoka Homa Bay, wala haina kicheko. Palikuwa na duka moja lililouza vyombo vya nyumbani na vitu vya kuchezea. Rafuni liliwekwa sanduku la gari la moshi la umeme pamoja na reli zake za mviringo. Bei yake ilikuwa shilingi 3,500. Niliijua vema, maana nilikuwa nimelitamani kwa miezi miwili. Siku hiyo kijikaratasi cha bei kilikuwa kimeandikwa upya, na msichana aliyekiandika alisahau sufuri moja. Bwana mmoja aliyenitangulia alilichukua sanduku, akaweka shilingi 350 mezani.

Msichana alishtuka. "Mzee, nadhani bei hii imekosewa."

"Bei ni ile iliyoandikwa," akajibu yule bwana kwa sauti kubwa.

Nilimwambia kwamba juma lililopita sanduku lile lilikuwa shilingi 3,500. Akanijibu kwamba juma lililopita si leo. Watu walikuwa wakingoja nyuma yetu. Mwenye duka hakuwapo. Msichana alitazama mlangoni, akatazama sanduku, akaandika risiti.

Mwisho wa mwezi nilipita tena dukani, naye akaniambia kwamba shilingi 3,150 zilikatwa katika mshahara wake. Hapo hesabu ilikuwa wazi. Lile gari la moshi halikuuzwa kwa shilingi 350. Liliuzwa kwa shilingi 3,500 kama siku zote, ila shilingi 3,150 zililipwa na mtu ambaye hakulipeleka nyumbani kwake.

Laiti msichana yule angalijua sheria! Sheria ya Mapatano ya Kenya, Sura ya 23, imejengwa juu ya sheria ya mapatano ya Uingereza. Huko, mwaka 1953, katika shauri la duka la dawa la Boots, ilikatwa hukumu kwamba kitu kilichowekwa rafuni pamoja na bei yake ni mwaliko tu. Mnunuzi ndiye anayeomba kununua anapokifikisha kwa mpokea fedha, na muuzaji anaweza kukubali au kukataa. Kwa hiyo msichana alikuwa na ruhusa ya kusema hapana kabla ya kupokea zile shilingi 350. Sauti kubwa ilimshinda kwa kuwa hakujua.

Tena sheria huenda mbele zaidi. Mwaka 1939 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la ngozi 30,000 za sungura kutoka Argentina. Wauzaji waliandika bei kwa kila ratili, ilhali walikusudia kila ngozi, na ratili moja ilikuwa na ngozi tatu hivi. Wanunuzi waliikamata bei hiyo haraka, kisha wakashtaki waliponyimwa mali. Jaji aliwakatalia, kwa kuwa hawakukosa kujua kwamba pana kosa. Mtu yeyote wa sokoni kwetu angetoa hukumu hiyo bila joho: anayeuziwa gunia la mahindi kwa bei ya gorogoro moja anajua kwamba mwenziwe amekosea. Hata ununuzi wa intaneti haukubadili jambo hili. Mwezi wa Januari 2003, duka moja la Singapore liliweka bei ya dola 66 kwa mashine ya kuchapia iliyopasa kuuzwa kwa dola 3,854. Watu sita waliagiza mashine 1,606. Walishindwa mahakamani mwaka 2004, na walipokata rufani wakashindwa tena mwaka 2005.

Watu wa Migori wana sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Pale Isebania na Sirare, mpaka unapopita, kuna shilingi mbili zenye jina moja na thamani mbalimbali, na shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi nyingi za Tanzania. Mtu akisema elfu kumi, mwenye akili huuliza kwanza ni shilingi za nani. Swali hilo fupi limezuia ugomvi mwingi. Nani angemsifu mtu aliyenyamaza makusudi ili mwenziwe aelewe shilingi isiyo yake?

Wako watakaosema kwamba maduka makubwa hayastahili huruma. Husema kwamba rafuni huandikwa 450, na mpokea fedha hudai 540, wala hakuna anayekimbia nyuma ya mnunuzi kumrudishia 90. Malalamiko hayo ni ya haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kulindwa katika masilahi yake ya uchumi, na mtu aliyetozwa zaidi arudi na risiti mkononi adai chake bila haya. Lakini anayedai 90 zake kwa hoja kwamba kosa si bei, atasimama wapi siku kosa litakapokuwa upande wake? Mizani ni moja. Haiwezi kuwa ya kweli inapotupunguzia na ya uongo inapotuongezea.

Wanafunzi wapenzi, baadhi yenu mtakuwa wanunuzi, na baadhi mtasimama nyuma ya meza ya duka. Atakayeuza aandike bei kwa uangalifu na kuihakiki jioni, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na bei ikikosewa, aseme hapana kabla ya kupokea fedha, kwa upole na bila hofu. Atakayenunua atafute rahisi kwa bidii yote, apatane bei kwa furaha, arudi nyumbani na kifua mbele. Ila akiiona bei inayomshangaza, aulize maneno matatu: "Hii ndiyo bei?" Muuzaji akisema ndiyo, mali ni yake na dhamiri yake imetulia. Akisema siyo, mnunuzi hajapoteza kitu, kwa kuwa kile kilichoonekana rahisi kilikuwa kimeshapangiwa mlipaji mwingine.