Nilimchagulia Staa Ndinga ya Kiki, Mama Yake Akashindwa Kushuka

Leo ubuyu haumhusu mtu mwingine, unanihusu mimi mwenyewe. Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni, alivuta ndinga mwaka jana na nyie mkamshambulia mpaka akafunga komenti. Mlisema kakurupuka. Mlisema anatafuta kiki. Ukweli ni kwamba aliyemchagulia lile gari ni mimi. Nimekaa na hili jambo miezi, leo acha nifunguke.

Na msianze kubahatisha jina. Siyo huyo unayemfikiria.

Ilikuwa hivi. Mnajua mimi nikiposti gari la staa siishii kwenye picha. Shule niliishia form four, ila magari nimejisomea mwenyewe usiku kwa usiku, bando likiisha nalala. Kumbe jamaa alikuwa ananifuatilia. Siku moja napigiwa na namba ngeni: "Dogo, ni mimi fulani. Kesho njoo home, kuna kitu unisaidie kuangalia." Sikulala.

Nilimkuta sebuleni na laptop mapajani. Mkwanja ulikuwa umekaa vizuri, shoo za nje zilikuwa mfululizo, na ndoto yake tangu enzi za kuimba kwa nauli ya kuazima ilikuwa Porsche 911. Dalali wake aliyeko Uingereza alikuwa amemtumia gari mbili za mtumba, usukani kulia kama zetu, zote toleo la 992, bei zimekaribiana. Moja Turbo S, nyingine GT3. Alipewa siku 3 aamue.

Kwa mbali unaweza kusema ni mapacha, lakini kazi zake haziendani kabisa. Turbo S ina injini ya lita 3.8 yenye turbo mbili, farasi 650, inasukuma tairi zote nne, na kutoka sifuri hadi 100 inatumia sekunde 2.7. Ukimaliza fujo zako inatulia. Shokapu hazikuvunji mgongo, ndani kumetulia, na nyuma kuna visiti viwili. Mtu mzima hapo atateseka, ila mtoto anakaa. Ni gari la kasi ambalo unaweza kwenda nalo mpaka msibani.

GT3 ni mnyama mwingine. Jina lenyewe limetoka kwenye daraja la mashindano, na 911 ya kwanza kuitwa hivyo ilitoka 1999. Injini ni lita 4.0 bila turbo, farasi 510, inasukuma tairi za nyuma tu, sifuri hadi 100 kwa sekunde 3.4. Ila ile injini inazunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika, na mlio wake ukiusikia vinyweleo vinasimama. Siti za nyuma hakuna kabisa. Ni nyepesi kuliko mwenzake kwa kilo kama 200, ina spoila kubwa inayoning'inia nyuma kama gari la mbio, na hii aliyotumiwa ilikuwa na zile siti za mbele za kaboni, za umbo la bakuli, pembeni zimepanda juu na mgongo haulali.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kosa langu lilipo. Kabla hajaniuliza chochote, alinipa maisha yake yote. Anaishi na mama yake, mama ana shida ya magoti, kliniki ni kila wiki mbili, na yeye akiwa mjini hapendi dereva ampeleke, anampeleka mwenyewe. Binti yake anaanza darasa la kwanza, na amemuahidi kwamba gari jipya likifika, baba ndiye atakayempeleka shule. Halafu akaniuliza: "Dogo, ningekuwa kaka yako wa tumbo moja, ungeniambia nichukue lipi?"

Mtu yeyote aliyesikia habari za yale magoti angejibu Turbo S kabla chai haijapoa. Mimi nikasema, "Bro, chukua GT3. Turbo ni gari la mzee mwenye hela. GT3 ni ya mtu anayejua magari."

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu kichwani nilishaiona picha. Ile spoila, taa za usiku, jina la ukurasa wangu pale kwenye kona. Sikuwahi kuona ukurasa wowote hapa Bongo umeposti staa wetu na GT3. Nilihesabu views kabla sijahesabu watu wa nyumba ile. Mwenzangu aliuliza swali la ndugu, mimi nikajibu kama mtafuta kiki.

Gari likaja. Kwenye kodi hazikupishana, kwa sababu injini zote zimezidi cc 2000: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, VAT asilimia 18, na hizo zinapandiana, hii inapigwa juu ya ile. Fanya hesabu mwenyewe, inavuka asilimia 60 ya thamani ya gari likiwa limefika bandarini. Akalipa. Nikapiga video, nikaposti wa kwanza mji mzima. Mnaikumbuka, wengi wenu mlinifolo siku ile. Jamaa akanitoa na simu mpya. Ndiyo hii ninayoandikia.

Baada ya hapo maisha ya kawaida yakaanza.

Kutoka kwake mpaka barabara kubwa kuna matuta, tena yale ya kujengwa na wananchi wenyewe. GT3 imekaa chini. Kuna kitufe cha kuinua pua kidogo, lakini kiwandani hicho ni cha kuongeza hela, na ile ya mtumba haikuwa nacho. Kila tuta alikuwa analikata kimshazari, bodaboda nyuma wanapiga honi, na bado unasikia krrr chini ya bampa. Masika ilipoingia ikawa mtihani mwingine. Matairi ile gari iliyokuja nayo ni ya kukaribia yale ya mbio, mifereji michache, kwenye lami kavu yanang'ang'ania kama gundi, ila kwenye maji yaliyotuama unatembea unasali. Na Dar ikinyesha, maji hayatuami sehemu moja.

Siku ya shule ilipofika, mtoto akalizunguka gari, akachungulia nyuma, akauliza, "Baba, mimi nakaa wapi?" Akapelekwa na Harrier ya zamani, na dereva. Hii baba mtu aliniambia mwenyewe, akicheka, lakini siyo kile kicheko chake cha kwenye interview.

Halafu ikaja siku ya kliniki.

Sikuwepo. Niliiona kwa video ya sekunde kama 40 iliyoingia inbox. Gari limesimama mlango wa hospitali. Mama aliingia vizuri nyumbani kwa sababu kuingia ni kujidondosha tu. Kushuka ndio kazi. Siti iko chini karibu na lami, ukingo wake umepanda juu, magoti hayasukumi. Staa kachuchumaa nje, kamshika mama mikono yote miwili, anavuta taratibu. Mama mwanzoni anacheka. Anajaribu tena, anarudi chini. Khanga inateleza, anaachia mkono mmoja ili aishike. Anajaribu mara ya tatu, na hapo hacheki tena. Nyuma sauti inapiga kelele, "Mama, hilo gari la mbio hilo!" Watu wanaangua kicheko. Mwisho anakuja nesi na kiti cha magurudumu, wanamnyanyua watu watatu.

Aliyenitumia alitaka elfu 50, niwe wa kwanza kuiposti. Sikuinunua. Ningependa mnisifie kwa hilo, lakini msinisifie, kwa sababu sikukataa kwa uungwana. Nilikataa kwa aibu. Kesho yake ukurasa mwingine ukaitupia, na komenti mnazijua, nyingine mliandika nyie. "Anamtesa mama yake kwa kiki." "Bora angemnunulia Noah." Zikafika maelfu. Nilizisoma mpaka saa nane usiku, na kila moja niliona imenilenga mimi. Jamaa hakujibu hata moja. Hakusema kuna dogo alimshauri, wakati angeweza, na ingekuwa kweli.

Naomba tuelewane, ile gari haina kosa hata kidogo. GT3 inafanya kile ilichotengenezewa. Pale Nürburgring, Ujerumani, kwenye ule mzunguko wa zaidi ya kilomita 20 msituni, imezunguka chini ya dakika 7. Turbo S yenye farasi 140 zaidi imechukua dakika 7 na sekunde kama 17. Kwenye kona ndipo spoila, wepesi na zile siti za bakuli vinalipa. Ungekuwa unakaa Johannesburg, Jumamosi unaingia Kyalami, kilomita 4.5 za lami ya mashindano, unakimbia mpaka roho inatulia, nyumbani una gari lingine la familia, basi ningekwambia chukua GT3 macho yamefumba.

Lakini hapa Dar hatuna uwanja wa lami wa mbio. Mjini mwisho ni 50, na tochi ziko kazini. Ile gari ukiivuta mpaka mwisho kwenye gia ya kwanza tu, umeshaipita 50 kitambo. Zile sekunde 17 za Ujerumani huku huzipati popote. Foleni ya Morocco haijali una spoila au una bajaji. Kwa hiyo unabaki na ugumu wa gari la mbio bila mbio zenyewe. Turbo S ingempa kasi kuliko atakayowahi kuitumia, na mtoto angekaa nyuma, na mama, kwa siti za kawaida, angehangaika kidogo lakini angeshuka na heshima yake.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Nilikuwa na maneno nimeyapanga, yakapotea yote getini. Nikamwambia tu, "Bro, siku ile sikukushauri wewe, niliushauri ukurasa wangu. Nisamehe."

Akakaa kimya, halafu akasema, "Dogo, mimi pia nilikuwa najua. Turbo ndiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu aniambie GT3 ili nisijilaumu peke yangu." Akaniambia Jumapili moja alfajiri alitoka nayo peke yake, barabara tupu, madirisha yamefunguliwa, na ile injini inavyoimba alilia machozi. Hapo hapo akasema anaiuza. Wateja wanapiga simu wengi, wengi wao wanataka kupiga nayo picha.

Wakati natoka nikakutana na mama barazani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi wa yale magari?"

"Hapana mama. Mimi ni wa mtandaoni. Ila ndiye niliyemwambia alinunue."

Akaniangalia, nikadhani nitaupata wangu. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi siku nyingine mniite nikae kwanza, nishuke mwenyewe, ndipo mlipe."

Sina cha kuongeza hapo. Mdau, kama leo ungekuwa na hela ya moja kati ya hizo mbili, ungevuta ipi, na nani angepanda nayo Jumatatu asubuhi? Dondosha jibu hapo chini. Ila huyu kaka wa watu mwacheni apumzike. Mkitaka wa kumtukana, nipo.