Njia ya Pili

Nilianza kazi ya kuunganisha ofisi za Dar es Salaam na intaneti enzi za madishi ya setilaiti. Laini moja ilikuwa ghali kiasi kwamba mwenye ofisi hakutaka kusikia habari za ya pili. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, bei ziliteremka, na hapo wateja wakaanza kuniuliza: laini ikikatika, tufanyeje?

Jibu langu limekuwa ruta mbili, kila moja na laini ya kampuni yake, zikitumia kwa pamoja anwani moja ya lango kwa itifaki ya VRRP. Kompyuta za ofisini zinalijua lango hilo tu. Ruta kuu hutangaza kila sekunde kwamba ipo. Ikinyamaza kwa sekunde tatu na ushee, ya akiba huitwaa anwani. Ili kuujaribu mfumo, mimi hupenda kuichomoa umeme ruta kuu mchana, foleni ya wateja mapokezi ikiwa imejaa.

“Fundi, mbona unatuzimia?”

“Endelea kuhudumia, dada. Ukikwama niite.”

Kwa kawaida haniiti, ingawa mwenye ofisi mimi humwambia mapema kwamba simu zinazopita intanetini zitakatika, kwa kuwa upande wa nje anwani imebadilika.

Kazi kubwa iko kwingine. VRRP humwangalia jirani tu, haioni mbali. Uzi wa laini unaweza kukatwa kilomita kadhaa mbele na taa ya ruta ikabaki kijani, watu wote wakipelekwa kwenye laini iliyokufa. Ndiyo maana mimi huziagiza ruta zipime anwani kadhaa za mbali, zikiwemo za nje ya nchi. Zisipojibu, kipaumbele cha ruta kuu kinashuka kutoka 110 hadi 90, na ya akiba yenye 100 inashika usukani. Laini ikirudi siirudishi kazi papo hapo, naiacha itulie kwa dakika kadhaa. Laini inayokuja na kuondoka huwasumbua watu kuliko iliyokufa kabisa.

Kisha natoka nje kwa miguu, nafuata nyuzi zote mbili kutoka ukutani hadi barabarani. Nimeona kampuni mbili zikiingia jengo moja kupitia mtaro mmoja. Katapila likipita hapo, ruta mbili hazina msaada.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 jambo hilohilo lilitokea baharini. EASSy na SEACOM zilikatika karibu wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na tangu Februari baadhi ya mikongo ya Bahari ya Shamu ilikuwa imeharibika, wa SEACOM ukiwemo. Tanzania ikaumia sana. Nilikuwa na wateja wenye ruta nzima, laini mbili, kampuni mbili, na bado kurasa hazikufunguka, kwa sababu kampuni zote mbili ziliegemea mikongo hiyohiyo.

Tangu hapo, kabla ya mteja kusaini, naziandikia kampuni zote mbili barua: data yetu inatoka nchini kwa mkongo upi, na huo ukikatika inahamia wapi? Wauzaji wengine hukasirika, wengine huniletea ramani. Nikipata jibu lilelile kutoka kwa wote wawili, namwambia mteja amwache mmoja na kutafuta kampuni nyingine, hata kama bei ya huyo ni nzuri.