Breki za Nyuma za Golf Kuukuu

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, maana Jumamosi yote nimekuwa chini ya gari.

Gari lenyewe ni Volkswagen Golf ya mwaka 2001. Miezi sita iliyopita fundi mmoja alinibadilishia pedi za nyuma. Sasa wiki jana nampeleka mama Sotik kutoka Kericho, mvua inanyesha, na kwenye mteremko kabla ya Litein nikasikia chuma kinakwaruza chuma.

"Gari linalia," mama akasema.

"Ni mawe tu, mama."

Nilimdanganya. Na barabara zetu hizi si za kudanganyana. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoteza mwelekeo likavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Niliendesha polepole mpaka Sotik nikiwaza hilo tu.

Haya, kazi yenyewe. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, achilia breki ya mkono. Piga jeki, kisha weka stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake! Toa gurudumu, halafu bolti mbili za kalipa: spana ya 13 inafungua, ile nyembamba ya 15 inazuia pini isizunguke.

Nilipotoa pedi nikashangaa. Ya nje ilikuwa nene, karibu mpya. Ya ndani ilikuwa imeisha mpaka kwenye bati. Pedi mbili za gurudumu moja, siku moja zilizofungwa!

Hapo akili ya programu ikaamka. Tatizo likirudi baada ya kurekebishwa, basi kilichorekebishwa ni dalili. Kalipa hii huteleza juu ya pini mbili. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa inateleza na kuvuta ya nje. Pini moja ilikuwa imeganda kwa kutu, kwa hiyo pedi ya ndani ilifanya kazi peke yake. Ningeweka pedi mpya tu, baada ya miezi sita ningekuwa pale pale. Nikasafisha pini, nikazipaka grisi maalumu ya breki, nikabadilisha mipira iliyopasuka. Diski nayo ilikuwa imechimbika, nikanunua mbili, kushoto na kulia.

Angalizo moja kubwa: pistoni ya nyuma ya gari hili hairudi kwa kusukumwa, kwa sababu breki ya mkono imeunganishwa ndani yake. Inazungushwa kufuata mshale wa saa huku unaisukuma. Ukilazimisha kwa klampu utaiharibu. Fungua pia kifuniko cha mafuta ya breki na uchunge yasimwagike kwenye rangi ya gari.

Mwisho, kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Ukisahau, mara ya kwanza utakapokanyaga hutapata kitu.

Jumapili nilirudi Sotik kumchukua mama. Nikamwambia ukweli, kwamba hayakuwa mawe.

"Nilijua," akasema, akafunga mkanda.

Je, wewe pedi zako za ndani umeziangalia lini?