Gari la mjomba na moshi mweupe

Jamani, nilipotea. Wiki mbili nzima sijaandika kitu, na safari hii kosa si la mhariri wangu. Nilikuwa natafuta gari. Kabla hamjanipongeza niseme tu kwamba si langu, mshahara wa ripota mnaujua.

Ni la mjomba wangu wa Njombe. Amestaafu ualimu, kapata kiinua mgongo, anataka pikapu ya dizeli ya kupelekea viazi Makambako. Akanipigia: "Mjomba, wewe umesoma, tena uko mjini, nitafutie." Nimesomea uandishi wa habari mimi! Lakini huyu ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita baada ya baba kufariki. Ningejibu nini? Akaniwekea milioni 16 kwenye akaunti, na usingizi ukanihama siku hiyo hiyo.

Nikaanza kwa kusoma, si ndiyo kazi yetu. Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda karibu mara 20 mpaka inakuwa ya moto mkali, kisha dizeli inapulizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo kompresheni ikipungua, kwa ringi kuisha au silinda kulika, inasumbua kuwaka, hasa ikiwa imelala usiku kucha. Nikajiona mtaalamu.

Dalali mmoja akanionyesha Hilux nyekundu, dabo kabini, injini ya 1KZ-TE, inang'aa mpaka chini ya boneti. Nilipofika ilikuwa tayari inaunguruma. Nikaizunguka, nikapiga teke tairi (sijui kwa nini watu tunapiga teke tairi), nikampigia mjomba palepale: "Shikamoo mjomba, gari limepatikana."

Bahati yangu, jioni nilimsimulia fundi mmoja mzee wa Tandale. Akaniuliza swali moja tu.

"Ulipofika, injini ilikuwa baridi au ya moto?"

Nikanyamaza. Akacheka. "Gari la dizeli ukilikuta limeshawashwa, mwandishi, umehadithiwa nusu ya habari."

Basi Jumapili tukaenda bila kupiga simu, saa 12 na nusu asubuhi. Fundi akaweka kiganja kwenye boneti: baridi. Akavuta kijiti cha oili. Oili nyeusi tii, nikashtuka. Kumbe oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, haikuambii kitu. Cha kuogopa ni ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Hii haikuwa hivyo. Akafungua kifuniko cha rejeta, akaniambia nipige stati.

Iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe. Kidogo asubuhi si kosa, ni dizeli ambayo haijaungua vizuri, injini ikipata joto unaisha. (Mweusi unasema dizeli imezidi au hewa haitoshi, pengine ni nozo au chujio tu. Wa bluu ni oili inayoungua, huo ni gharama.) Huu mweupe haukuisha. Kwenye rejeta mapovu yakaanza kupanda, moja baada ya jingine, bila kukoma. Fundi akafunga kifuniko, akasubiri kidogo, akaniambia niminye mpira wa juu. Mgumu kama jiwe, na injini haijapata hata joto.

"Hedi," akasema. Hedi ya injini hizi ni ya alumini, bloku ni ya chuma. Gari likichemsha vibaya, hedi inapasuka au gasketi inaachia, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Mwisho akageuza kifuniko cha oili juu chini, akakilaza kwenye tundu lake. Kikatikisika kidogo tu. Kingerushwa, ringi ndizo zingekuwa zimekwisha. "Chini nzima, juu mgonjwa."

Dalali akashusha milioni 2 hapo hapo. Nakiri nilitamani, kwa sababu nilishamwambia mjomba.

Wakati tunabishana akaingia bwana mmoja na mkewe, wamevaa za kanisani. "Ndiyo hii?" Injini sasa ilikuwa ya moto, moshi umepungua. Dalali akanisogelea: "Braza, kama hununui usiniharibie. Hapa ndipo napatia ugali." Na mimi, ambaye wiki iliyopita nilimkalia kooni mkandarasi wa mitaro gazetini, nikatazama viatu vyangu.

Ni fundi aliyesalimia, akasema taratibu, "Njooni kesho alfajiri, kabla haijawashwa." Dalali alimwangalia vibaya sana. Kumbe huwa anampelekea kazi. Kwenye bajaji nikamwomba radhi. Akasema tu nimlipe yake.

Tulipata nyingine siku ya kumi, Hilux kuukuu ya 3L, haina turbo, rangi imechoka. Boneti baridi, rejeta tulivu, moshi ukaisha upesi. Niliiendesha mwenyewe hadi Njombe. Kitonga niliipanda nyuma ya lori, jicho kwenye mshale wa joto. Mjomba aliizunguka, naye akapiga teke tairi.

Juzi nilipita kwa yule dalali. Ile nyekundu haipo. Sikumuuliza.